Mstari wa Mia Mbili na Kumi na Nne

Wewe uliyekaa hapo na kikombe chako, tegua hiki kabla kahawa haijapoa: nakaa mlangoni mwa ghala kubwa, kila ajaye nampa anachotaka, nikimwuliza jina nimekosa, nikimwuliza anakipeleka wapi nimekosa zaidi, na nikisema hakipo ilhali kipo, mwizi ni mimi. Mimi nani?

Ukishindwa usinitajie mji, sina haja ya mji. Nifuate tu tukamwone Gunhild Rosvall, maana jibu ni yeye.

Gunhild alikuwa mtunza nyaraka wa Chuo Kikuu cha Älvbacka, kaskazini mwa Uswidi. Makaratasi yote ya chuo yalikuwa chini ya ufunguo wake, na si makaratasi tu: mikataba, barua za kompyuta, na tovuti yenyewe ya chuo, kurasa za leo na za zamani. Chuo ni cha umma, na cha umma ni cha kila mtu. Yeyote anaweza kuingia kutoka barabarani, theluji ingali mabegani, akasema nataka kuona waraka fulani, na Gunhild huinuka akautafuta. Hamwulizi wewe nani. Hamwulizi wa nini. Sheria ndivyo isemavyo, nayo ni kongwe kuliko reli.

Miaka thelathini na minne ya kazi, kumi na sita ya mwisho hapo Älvbacka, hakuwahi kuteleza katika hilo. Alijisifia kidogo kwenye kahawa ya saa nne, kama mwanamke anavyojisifia unga wake unaoumuka kila mara.

Wiki hiyo alikuwa na jambo zito mezani. Tovuti ya zamani ya chuo, iliyoanza mwaka elfu mbili na moja, ilikuwa imelala kwenye seva kuukuu chini ya jengo, na Ijumaa saa sita mchana seva ile ingezimwa moja kwa moja. Kabla ya hapo lazima mtu aamue kipi kitunzwe na kipi kifutwe, na mtu huyo ni Gunhild. Vuli nzima aliandika orodha: mistari mia sita na kumi na miwili, na mwishoni mwa kila mstari neno moja tu, *itunzwe* au *ifutwe*. Ilikuwa orodha safi, imenyooka kama kitanda cha hospitali. Ilibaki sahihi yake, na kalamu alikuwa ameshailaza juu ya karatasi.

Jumatatu asubuhi mlango ukafunguka, akaingia bibi wa miaka sabini na kitu, kichwani kofia ya sufu ya rangi ya chungwa. Akainama mlangoni akafungua vile vyuma vyenye meno watu wanavyofunga chini ya viatu wasiteleze, akavipanga ukutani vizuri, kisha akavua kofia akaishika kwa mikono miwili.

"Nataka picha," akasema.

"Picha ya nini, mama?"

"Palikuwa na kamera juu ya paa la maktaba. Ikitazama uani, kwenye ngazi za jengo kuu. Picha zikionekana kwenye tovuti."

"Naijua kwa kuisoma tu. Mimi nilikuja hapa baada yake."

"Nataka ya tarehe kumi na nne Februari, mwaka elfu mbili na tano. Ya asubuhi, kabla ya saa mbili."

Gunhild aliandika. Halafu akainua macho, akaiona ile mikono inavyoizungusha kofia, inaizungusha, kama mikono ya mtu anayengoja daktari atoke chumbani. Na kabla hajajua, ulimi ukaponyoka.

"Unaitakia nini?"

Kwenye meza ya pembeni alikuwapo Torkel, fundi wa seva, mwanamume wa miaka hamsini mwenye ndevu za kusuka. Vidole vyake vilisimama juu ya kompyuta.

Bibi alimtazama Gunhild bila hasira. "Hilo huruhusiwi kuniuliza," akasema.

"Kweli. Siruhusiwi. Nisamehe."

"Nitapita Alhamisi." Akafunga tena vyuma vyake, akatoka, na mlio wa meno yale ukasikika mpaka mwisho wa ukumbi.

"Miaka thelathini na minne," akasema Torkel taratibu. "Miaka thelathini na minne, Gunhild! Ngoja niandike tarehe, tutakuwa tunaisherehekea."

"Funga mdomo ufungue kompyuta."

Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na swali likitoka halirudi. Lilibaki pale juu ya meza kama mgeni asiyeaga.

Wakaanza kutafuta palipo rahisi. Kila mwaka mashine ya nyaraka ilipita tovuti nzima ikaipiga nakala, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayepiga picha vyumba vyote vya nyumba yake asije akasahau kiti kilikaa wapi. Nakala hizo zilitunzwa milele, na Gunhild alizipenda kama alivyopenda shuka zake za kabatini. Torkel akafungua ya mwaka elfu mbili na tano, akaenda kwenye ukurasa wa kamera ya paa.

Jua. Majani mabichi. Ndege mmoja kwenye ukingo wa ngazi.

"Hii si Februari," akasema Gunhild.

"Ni tarehe nne Julai." Akafungua ya mwaka uliofuata. Jua, majani, mtu amelala kifudifudi bila shati. Akafungua kurasa nyingine, za idara, za walimu, za maktaba yenyewe. Kila mlango maneno yaleyale: *Tuko likizo, tutarudi katikati ya Agosti. Kiangazi chema!*

Kimoja tena cha haraka: mwaka gani una mwezi mmoja tu? Ni mwaka wa nyaraka za Älvbacka. Zamani kamati ilikaa, ikanywa kahawa, ikauliza mwezi gani mtandao wa chuo unapumua ili mashine ifanye kazi kwa raha. Wakasema wote kwa sauti moja: Julai, maana Julai hapa hakuna hata paka. Tangu hapo kila mwaka mashine ikaja kwa uaminifu, ikakuta watu wote wako ziwani wanachoma soseji, ikapiga nakala ya matangazo yao ya likizo.

Torkel alicheka mpaka ndevu zikatikisika. "Miaka ishirini na zaidi! Mtu akizisoma nyaraka zetu miaka mia ijayo, atasema hapa hapakuwa na theluji wala mtu aliyefanya kazi."

"Cheka ukimaliza utafute seva ya zamani yenyewe," akasema Gunhild. Hakucheka. Kamati ile alikuwa ameikuta, lakini miaka kumi na sita alikuwa ameiachia Julai yake.

Kwenye seva ya zamani zilikuwapo. Folda moja kubwa, picha moja kila dakika kumi, usiku na mchana, tangu vuli ya elfu mbili na moja mpaka kamera ilipovunjika mwaka wa elfu mbili na nane. Picha laki tatu na zaidi. Torkel akasoma jina la folda, kisha akavuta orodha ya Gunhild, akashusha kidole mpaka mstari wa mia mbili na kumi na nne. Akaisogeza karatasi tu.

*Kamera ya paa. Picha za uani na za hali ya hewa. Hazina faida kwa yeyote. Ifutwe.*

Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Alikumbuka hata siku aliyouandika: mvua ya Oktoba, na haraka ya kwenda nyumbani kula.

Jumanne, kwenye kahawa ya saa nne, akaja Viveka Tornell, mkuu wa habari wa chuo, ambaye tovuti ni shamba lake. Mwanamke mrefu, mwepesi, mwenye kusema huku anatembea. Sahani ya semla ilikuwa katikati, yale maandazi ya iliki yaliyojazwa krimu, na Viveka alichukua moja kabla hajakaa.

"Gunhild mwenzangu, nasikia hujasaini."

"Sijasaini."

"Ijumaa saa sita watu wanakuja kuchomoa ile seva. Itabebwa kama friji bovu. Wewe unangoja nini?"

"Kuna mtu kaomba picha ya kamera ya paa. Kitu kikishaombwa hakifutwi."

"Nani kaomba?"

"Simjui."

"Anaitakia nini?"

Torkel alikohoa ndani ya kikombe. Gunhild akafuta krimu kidoleni, akatulia. "Sijui. Na wewe huruhusiwi kujua."

"Jamani!" Viveka akatoa simu yenye nakala ya orodha, akasoma. "'Hazina faida kwa yeyote.' Haya si maneno yangu, dada. Ni yako. Picha laki tatu za theluji, na wewe mwenyewe umesema hazina faida kwa yeyote."

Masikio ya Gunhild yaliwaka moto. Lakini alikuwa mwanamke aliyezoea kubeba maboksi mazito. Alijua mzigo unainuliwa kwa magoti, si kwa mgongo.

"Niliandika hivyo, na nilikosea," akasema. "Yeyote mwenyewe kaja jana, kavua vyuma vya viatu mlangoni, kasema tarehe na saa. Mimi nilidhani nahesabu theluji."

Hapo Älvbacka watu husema "tutaliangalia," husema "ni swali zuri". Mtu kusema nilikosea, wazi namna ile, semla mkononi, ni habari ya mwezi mzima.

Viveka akalamba kidole. "Haya basi. Mpe hiyo moja, nyingine zifutwe."

"Tuipate kwanza. Ikiwa mkononi mwangu, tutazungumza juu ya nyingine."

"Ijumaa saa sita, Gunhild."

"Saa ninayo."

Kuipata lilikuwa jambo jingine. Jumatano asubuhi Torkel alikuja na sura ya mtu aliyelalia jiwe. Ile folda, akasema, iliwahi kuhamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine, na picha zote zikachukua tarehe ya siku ya kuhama. Laki tatu na ushee, zote zimezaliwa siku moja. Kilichobaki ni namba tu, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo zinafuatana," akasema Gunhild.

"Zinafuatana. Lakini ipi ni lini, Mungu ndiye ajuaye."

Gunhild alivuta kiti. "Mungu na mti wa Krismasi. Nionyeshe ua wakati wa baridi."

Maana siku ya Knut, tarehe kumi na tatu Januari, kila nyumba hutupa mti wake nje, na chuo hakibaki nyuma: mti mkubwa wa uani hulazwa mchana wa siku hiyo, haulazwi kumi na mbili wala kumi na nne. Wahudumu wa majengo hukosa mengi, hilo hawakosi.

Torkel akazikimbiza picha. Ua ukapita mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Mti umesimama na taa zake, mti umelala. Baridi ya kwanza, ya elfu mbili na mbili. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

"Hapo! Simama. Huo ndio wa elfu mbili na tano. Sasa hesabu. Picha ngapi kwa siku?"

"Mia moja arobaini na nne."

"Mara siku thelathini na mbili."

"Elfu nne mia sita na nane." Akaruka mpaka hapo. Ua wenye theluji, mwanga wa mchana, na kwenye dirisha la mkahawa wa wanafunzi mioyo ya karatasi nyekundu imebanduka nusu, mmoja umelala chini kwenye theluji.

Gunhild akagonga meza. "Tumepitiliza. Tarehe kumi na nne ni siku ya mioyo, ya wapendanao. Hii imeshachoka, hii ni kesho yake. Umeme lazima ulikatika siku moja, kamera ikalala. Rudi nyuma."

"Wewe mwanamke ungekuwa polisi."

"Mshahara ni uleule. Rudi."

Akarudi, picha moja moja. Mioyo ikasimama, mipya, mizima. Mwanga ukafifia, ukawa asubuhi, ukawa giza la alfajiri. Kwenye pembe ya picha saa ya jengo kuu ilionekana vizuri, inang'aa kama mwezi. Na kwenye ngazi za jengo kuu, chini ya taa, alikuwapo mtu.

Sura haikuonekana, ni mbali mno. Ni mtu ameinama na ndoo. Saa kumi na mbili kasorobo yuko juu kabisa; baada ya dakika kumi yuko katikati; baada ya kumi nyingine yuko chini, na ngazi zote juu yake zimegeuka rangi, kahawia ya changarawe imwagwayo juu ya barafu watu wasiteleze. Kichwani mwa mtu yule kulikuwa na kitone kimoja cha rangi. Cha chungwa.

Torkel akafungua mdomo. "Ile kofia…"

"Torkel."

"Lakini Gunhild, kofia ile ile…"

"Hatuulizi. Nimeshauliza mara moja kwa niaba ya chuo kizima. Songa mbele."

Wakasonga hadi saa mbili kasorobo. Mwanamume wa koti refu ameketi kwenye theluji, mguu umenyooka vibaya, mkoba uko kule. Hakuwa kwenye ngazi. Alikuwa kando, kwenye mteremko wenye nyasi ambapo watu wa haraka hukatisha ili wasizunguke kwenye ngazi. Na pembeni yake ngazi zenyewe, kahawia kutoka juu mpaka chini, hazina mtu.

Walizitazama muda mrefu. Gunhild hakujua kisa, lakini alijua umbo la kisa anapoliona, kama mshonaji anavyojua nguo iliyofumuliwa pembeni.

"Chapisha hizi nne," akasema. "Tatu za ngazi, na hii."

Kisha akachukua orodha yake safi na kalamu nyekundu. Vuli nzima hakuwa ameweka doa hata moja juu ya karatasi ile. Akakata neno *ifutwe* kwenye mstari wa mia mbili na kumi na nne, akaandika juu yake *itunzwe*, folda yote, akaweka jina lake pembeni. Chini kabisa, palipoandikwa siku ya kupiga nakala ya tovuti mpya, Julai, akaongeza: *na Oktoba, na Februari, na Mei*. Akasaini.

Akapanda nayo mwenyewe ghorofa ya tatu. Viveka aliisoma akiwa amesimama, akafika penye wino mwekundu, akainua nyusi.

"Yote? Laki tatu zote?"

"Zote. Mimi nilisema hazina faida kwa yeyote, na sikuwa namjua yeyote. Aliyekuja Jumatatu alijua tarehe. Wa pili naye atakuja na yake. Torkel anasema zinaingia kwenye diski isiyozidi kiganja."

Viveka aliutazama ule wino tena, kisha akacheka, kicheko cha kweli. "Gunhild Rosvall amejisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nipige picha?"

"Piga. Halafu uitunze."

"Nenda zako," akasema Viveka, na akaweka sahihi yake chini ya ile ya Gunhild. Kwa hiyo Ijumaa seva ingeweza kuja kubebwa kama friji bovu. Kilichokuwa na maana kingekuwa kimeshatoka.

Alhamisi bibi akaja, kofia ileile. Akavua vyuma, akavipanga ukutani. Safari hii Gunhild alikuwa amejiandaa: alipomwona tu mlangoni alitia kipande kikubwa cha semla mdomoni, ili ulimi uwe na kazi. Akamsogezea bahasha na kiti bila neno.

Bibi hakukaa. Alitoa picha ya kwanza, akaisogeza karibu na taa. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne alikaa. Torkel alijifanya anasoma skrini iliyozimwa. Gunhild alitafuna, akatafuna, akawa anatafuna hewa.

Saa ya ukutani ilipiga robo. Bibi alizirudisha picha kwenye bahasha moja baada ya nyingine, akazipanga kingo zilingane, akaivaa kofia.

"Naweza kuondoka nazo?"

"Ni zako," akasema Gunhild. "Na zilizobaki hazifutwi. Ukitaka siku nyingine, ipo."

"Sitaki siku nyingine."

Akaenda mlangoni, akainama, akafunga vyuma chini ya viatu vyake, cha kulia, cha kushoto. Akainuka na kushika kitasa. Akakaa hivyo, mgongo umewageukia, mpaka Torkel akamtazama Gunhild na Gunhild akatikisa kichwa: usithubutu.

Ndipo bibi akageuka.

"Jumatatu uliniuliza," akasema.

"Sikupaswa, mama. Huna haja ya…"

"Najua sina haja." Aliiweka bahasha kifuani, mikono yote miwili juu yake, na safari hii mikono ilikuwa imetulia. "Nilikuwa mhudumu wa jengo kuu. Profesa alivunjika nyonga, ripoti ikasema aliteleza kwenye ngazi, hazikumwagwa changarawe. Nikapelekwa chumba cha barua, chini, mpaka nikastaafu. Sikugombana. Nilijua nilimwaga. Mwaka wa kwanza nilijua, mwaka wa tano nilijua. Lakini kitu ukiambiwa miaka ishirini, na watu wazuri, watu wa kukupa kahawa… mwisho nikawa naamka alfajiri nimelala tu najiuliza, labda siku ile nililala kweli, labda ndoo naiota." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nataka kujua kama nilimwaga."